Haiwezekani na Haijawezekana: Lugha ya Mabishano ya Hisabati

Makala haya yanahusu maneno, siyo hisabati yenyewe. Hata hivyo hayawezi kuikwepa hisabati, kwa sababu maneno tunayokusudia kuyachunguza ni yale yanayotumika watu wawili wanapobishana juu ya jambo la hisabati, kisha kila mmoja akaondoka akiamini kwamba mwenzake ni mjinga au ni mkaidi. Upande mmoja wa mabishano hayo huwa na mwanahisabati wa ridhaa, ambaye hutangaza kwamba amepata jibu la swali lililowashinda wataalamu. Upande wa pili huwa na wakosoaji, ambao hulitilia shaka tangazo hilo, mara nyingi kabla hawajalisoma hadi mwisho.

Neno "ridhaa" tumelichukua kutoka katika michezo, ambako ngumi za ridhaa ni zile za wachezaji wasiopigana kwa malipo. Tunaliona kuwa neno la heshima. Halisemi kwamba mtu huyo hajui, bali kwamba anaifanya kazi hiyo kwa hiari yake.

Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena maandishi ya watu waliodai kwamba wamepata mraba wenye eneo sawa na la duara, au wameigawa pembe yoyote katika sehemu tatu sawa, maana maandishi hayo yalikuwa yakiwapotezea muda wachunguzi. Nchini Uingereza Augustus De Morgan aliandika habari za watu wa namna hii kwa miaka mingi, na maandishi yake yakatolewa kitabu mwaka 1872, baada ya kufa kwake. Katika jimbo la Indiana, nchini Marekani, tabibu mmoja, Edward Goodwin, alipata mbunge wa kupeleka muswada uliotegemea hisabati zake za duara. Mwezi Februari 1897 baraza la wawakilishi la jimbo hilo liliupitisha kwa kura 67 bila hata moja ya kupinga. Kwa bahati Profesa C. A. Waldo alikuwapo mjini kwa shughuli nyingine. Akazungumza na maseneta, nao wakauahirisha muswada huo bila kuweka tarehe ya kuujadili tena.

Haifai tudhani kwamba mambo hayo ni ya Ulaya na Marekani tu. Kila penye shule, kalamu na mtu mwenye subira, swali la kugawa pembe kwa tatu litamfikia mtu. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mabishano haya yanapoendeshwa kwa Kiswahili, sehemu kubwa ya ugomvi hutokana na matumizi ya ovyo ya maneno ambayo lugha yetu imeyatofautisha vizuri sana. Kosa hilo hufanywa na pande zote mbili, na sisi watafsiri, walimu na watumishi wa serikali ndio tunaowagawia maneno.

Njia mbili za kukanusha

Kila mzungumzaji wa Kiswahili anazijua kauli hizi mbili: "haiwezekani" na "haijawezekana". Tofauti yake haihitaji kufundishwa jikoni. Mpishi anayesema "maharage hayajaiva" anamwomba mgeni asubiri. Anayesema "maharage haya hayaivi" anamshauri akale kwingine. Kiambishi -ja- hubeba matumaini. Husema kwamba jambo halikutokea mpaka sasa, na kwamba mlango uko wazi. Ukanushi usio na -ja- huufunga mlango huo.

Katika hisabati tofauti hii ni kubwa kuliko ilivyo jikoni. Swali la kugawa pembe yoyote katika sehemu tatu sawa, kwa kutumia bikari na rula isiyo na alama tu, liliulizwa na Wayunani wa kale. Lilijibiwa mwaka 1837, na aliyelijibu ni Mfaransa Pierre Wantzel. Jibu lake ni "la". Alionyesha kwa hoja kwamba hakuna mpango wowote wa hatua zenye kikomo, kwa vyombo hivyo viwili, utakaoweza kuigawa kila pembe. Kuna pembe zinazogawika, kama ile ya nyuzi 90. Lakini ile ya nyuzi 60 haigawiki, na kasoro moja hiyo yatosha kuiangusha kanuni inayodai kuzigawa zote. Kadhalika, mwaka 1882 Ferdinand Lindemann wa Ujerumani alithibitisha jambo kuhusu namba pai ambalo matokeo yake ni kwamba mraba wenye eneo sawa na la duara hauwezi kuchorwa kwa vyombo hivyo.

Sasa tuangalie jinsi habari hii inavyoelezwa kwa Kiswahili. Mwandishi husema kwamba hili ni "fumbo ambalo halijateguliwa kwa zaidi ya miaka 2000", au "swali lililowashinda wanahisabati wote". Sentensi hizo ni nzuri masikioni, lakini ni za uongo. Fumbo hilo lilikwisha kuteguliwa, wala halikuwashinda wanahisabati; wao ndio walioligundulia jibu, na jibu ni kwamba kinachotafutwa hakipo. Kiambishi -ja- katika sentensi hiyo kinamwita msomaji aje ajaribu bahati yake. Msomaji mwenye bidii huja. Miaka mitatu baadaye analeta daftari lake, na yule yule aliyemwita kwa sarufi anamcheka kwa mdomo.

Yapo maswali ya hisabati ambayo kweli hayajajibiwa, na hayo ndiyo yanayostahili -ja-. Dhana aliyoitoa Bernhard Riemann mwaka 1859 kuhusu namba tasa haijathibitishwa wala haijakanushwa, na mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani iliiwekea zawadi ya dola milioni moja. Mwezi Novemba 2015 vyombo vya habari vya nchi nyingi vilieneza habari kwamba mhadhiri mmoja wa Naijeria amelipata jibu. Taasisi yenyewe haikulikubali dai hilo, na swali likaendelea kuorodheshwa miongoni mwa yale yasiyojibiwa. Mtu anayejaribu swali hili anaweza kukosea, lakini halitafuti lisilokuwapo. Kumweka katika kapu moja na mgawa pembe ni kuwadhulumu wote wawili, na Kiswahili kilikwisha kuwatenga kwa kiambishi kimoja.

Duara la Runzewe

Tumechagua kuupeleka mfano wetu Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Sababu ya kwanza ni ya istilahi. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa ukanda huo, "duara" siyo umbo linalochorwa kwa bikari. Duara ni shimo la mgodi. Lina mwenyewe, lina wachimbaji wake, na mapato yake yana mgawo. Mwalimu akimwambia kijana wa huko kwamba watu wa kale walitafuta eneo la duara kwa miaka mingi bila mafanikio, kijana hatashangaa hata kidogo. Atauliza tu walifika mita ngapi.

Hatutaji jambo hili kwa mzaha. Neno moja kuwa na maana moja shuleni na nyingine kazini ni jambo la kawaida katika lugha hai, na hatupendekezi kuwanyang'anya wachimbaji neno lao. Tunalitaja kwa sababu maana ya mgodini inakuja na mantiki yake, na mantiki hiyo ni ya -ja-. Mchimbaji ambaye hajapata kitu hasemi "hakuna dhahabu". Husema "hatujaufikia mwamba". Naye ana haki. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba chini ya mita alizozichimba hakuna kitu. Historia ya mkoa wake inamuunga mkono: mgodi wa Geita, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki, ulifungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa tena katika eneo lile lile. Walioamini kwamba yamekwisha waliona kwamba yalikuwa hayajaisha.

Mtu aliyelelewa na mantiki hiyo, akiingia katika hisabati, ataichukua pamoja naye. Wataalamu wakimwambia kwamba pembe haigawiki kwa tatu, atasikia kwamba wao walichimba wakachoka. Atajiona mchimbaji mwenye nguvu zaidi. Hapa ndipo maneno yanapotakiwa kumsaidia, maana hisabati ina uwezo ambao mgodi hauna: inaweza kuthibitisha kwamba dhahabu haipo katika kina chochote, bila ya kuchimba hata mita moja. Wantzel hakujaribu njia zote za kugawa pembe. Hilo lisingewezekana, kwa kuwa njia hazina idadi. Alichunguza ni urefu wa aina gani unaoweza kupatikana kwa rula na bikari, akaonyesha kwamba urefu unaohitajika kwa pembe ya nyuzi 20 haumo katika aina hiyo. Mchimbaji hajapata kuliona jambo la namna hiyo kazini kwake, na asipoelezwa, hana sababu ya kuamini kwamba lipo.

Mzigo wa neno "thibitisha"

Tuseme basi kwamba yupo Runzewe fundi seremala mwenye akili, aliyemaliza darasa la saba, ambaye amebuni njia ya kugawa pembe. Mtu huyu ni wa kubuni, lakini njia zake ni za kweli. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuunganisha ncha za mikono miwili ya pembe iliyo sawa kwa urefu, na kuugawa mstari huo sehemu tatu. Kwa pembe ya nyuzi 60 njia hii hutoa karibu nyuzi 19.1, 21.8 na 19.1. Kipimapembe kitaionyesha kasoro. Lakini fundi wetu hakomi hapo. Anagundua kwamba robo ya pembe, ukiongeza robo ya robo hiyo, na robo yake tena, na kuendelea, hukaribia theluthi. Kwa pembe ya nyuzi 60 anapata 15, kisha 18.75, kisha karibu 19.69, na katika hatua ya tano 19.98. Kasoro iliyobaki ni ndogo kuliko unene wa mstari wa penseli. Anapima mara kumi, kila mara anapata nyuzi 20. Anaandika: "Nimethibitisha."

Mkosoaji anajibu: "Hujathibitisha chochote." Kwa kadiri ya maneno, wote wawili wamesema kweli.

Kitenzi "thibitisha" kimelemewa. Asili yake ni ya Kiarabu, katika maana ya kuwa imara, ambayo tunaiona pia katika "thabiti". Ofisini mtumishi mpya akimaliza muda wa majaribio huthibitishwa kazini. Karani huombwa athibitishe kwamba barua imepokelewa. Waziri huthibitisha habari za ajali. Mahakamani upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Maabara huthibitisha ugonjwa. Katika mifano hiyo mitano mna kukubali, kukiri, kutangaza, kushawishi kwa ushahidi, na kupima. Hamna hata mmoja wenye maana ya hisabati, yaani kutoka katika mambo yaliyokubaliwa na kufikia tamko jipya kwa hatua ambazo kila moja hailazimiki kupimwa, bali inalazimisha ile inayoifuata. Upimaji wa fundi wetu ni uthibitisho halali wa maabara, na mwanasheria angeuona ushahidi wake kuwa mzito. Alichokosa ni kitu ambacho hakuwahi kuonyeshwa.

Hapa hatuwezi kuficha sababu ya kielimu. Katika shule za msingi za serikali hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi huagizwa akokotoe, apime, achore, atafute. Hoja za kuthibitisha kwa kawaida huanza katika sekondari, na huko somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kwa Watanzania wengi hisabati ya kupima ina Kiswahili, na hisabati ya kuthibitisha haina. Aliyeishia darasa la saba hakunyimwa akili. Alinyimwa neno pamoja na zoezi linaloambatana nalo. Naye aliyefika chuo kikuu analo zoezi hilo, lakini hana Kiswahili cha kumweleza jirani yake, kwa hiyo hukimbilia kejeli.

Rula, pai na "sawa na"

Kuna maneno mengine matatu ambayo yanaonekana hayana hatia, ila yanachochea ugomvi.

La kwanza ni "rula". Katika masharti ya Wayunani chombo kinachohusika hutumika kuchora mstari ulionyooka tu, wala hakina alama. Rula ya duka lolote la Runzewe ina sentimita na milimita. Tofauti hii siyo ndogo. Njia moja inayonasibishwa na Archimedes hugawa pembe yoyote katika sehemu tatu zilizo sawa kabisa, mradi rula iwe na alama mbili tu. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika kwamba pembe haiwezi kugawanywa kwa tatu "kwa rula na bikari" amesema jambo lisilo kweli kwa rula anayoijua msomaji wake. Fundi akiigawa pembe kwa rula yake, ameigawa. Mkosoaji anayemkatalia anabishana na chombo ambacho fundi hakuwahi kukishika.

La pili ni "pai". Wanafunzi wetu hufundishwa kutumia 22/7, na kwa mahesabu ya maisha namba hiyo yatosha. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 7 hupata kwa njia hiyo eneo la mita za mraba 154, ambapo eneo lake halisi ni karibu 153.94. Hakuna mwenye kiwanja atakayeshtaki kwa kasoro hiyo. Lakini kama pai ingekuwa 22/7 hasa, mraba ulio sawa na duara ungechorwa kwa urahisi, na kazi ya Lindemann isingekuwa na maana. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "pai ni 22/7" na akaliamini neno la mwalimu wake, ana haki ya kuwashangaa watu wanaosema kwamba mraba huo haupatikani. Archimedes alikwisha kuonyesha zaidi ya miaka 2200 iliyopita kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7. Kosa halimo katika kuitumia namba hiyo. Limo katika kitenzi "ni".

La tatu linafuata hapo hapo, nalo ni "sawa na". Katika mazungumzo, vitu viwili ni sawa ikiwa tofauti yake haina madhara. Katika hisabati, vitu viwili ni sawa ikiwa havina tofauti. Kiswahili kina "karibu na", "takriban" na "kadirio" kwa maana ile ya kwanza. Vitabu vyetu vikiyatumia maneno hayo bila uvivu, nusu ya madai ya kupata mraba wa duara yatakosa mahali pa kuanzia.

"Ni nadharia tu"

Tumeona pia tamko lililothibitishwa likiitwa "nadharia", mathalani katika "nadharia ya Pythagoras". Uteuzi huu una hatari. Katika Kiswahili cha kila siku nadharia huwekwa kinyume cha vitendo. Tunasema kwamba mafunzo yalikuwa ya nadharia mno. Tunasema "hiyo ni nadharia tu" kwa maana kwamba jambo halijajaribiwa. Mkosoaji anayemwambia fundi kwamba kazi yake inapingana na "nadharia ya Wantzel" amempa silaha: fundi atajibu kwamba yeye ana vitendo. Neno "kanuni" nalo halitoshi, maana kanuni zaweza kuwekwa na kuondolewa na waliozitunga, kama zile za shule au za mpira. Katika hali hii ni afadhali kulikubali neno "theoremu" kama tulivyoyakubali "fizikia" na "oksijeni". Ni neno geni, ila ugeni wake unamlazimu msomaji aulize maana yake badala ya kudhani kwamba anaijua.

Jina la mwanafunzi

Mpaka hapa tumeonyesha jinsi mwanahisabati wa ridhaa anavyosikia "haijawezekana" mahali penye "haiwezekani". Ni haki tuonyeshe pia kosa la upande wa pili, na mfano wake mkubwa kabisa ni wa nchini mwetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto. Alipokuwa akitengeneza barafu ya maziwa pamoja na wenzake, aliona kwamba maziwa yake yaliyoingizwa katika friji yakiwa ya moto yaligandika mapema kuliko yale yaliyopoa. Aliuliza sababu, akaambiwa kwamba amechanganya mambo. Alipong'ang'ania, mwalimu alilitaja jambo hilo kuwa fizikia ya Mpemba, siyo ile ya ulimwengu wote. Tangu hapo, mwanafunzi huyo alipokosea hesabu darasani aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba, na wenzake wakaufuata msemo huo. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Osborne hakuliamini, lakini aliagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Tunaomba msomaji asilichukue tukio hili kama hadithi ya mnyonge aliyewashinda wakubwa. Jambo lenyewe bado lina ubishi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walitoa matokeo ya vipimo vyao wakisema kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha wa kuwapo kwake. Sisi tunachokitazama ni kauli. Swali la maziwa ni la maumbile, na maumbile huulizwa kwa kupima. Darasani ilistahili kusemwa "haijaonekana", au "hatujapima". Ikasemwa "haiwezekani", pasipo Wantzel wala Lindemann wa kuitegemeza kauli hiyo. Pia jina la mtoto liligeuzwa kuwa istilahi ya makosa, na darasa zima likajifunza kwamba hoja hujibiwa kwa lakabu.

Kwa hiyo makosa mawili haya yanatazamana kama mtu na kivuli chake. Wa ridhaa huingiza -ja- pasipostahili, na mkosoaji huiondoa inapostahili kubaki. Wote wawili wamepoteza kitu kimoja, yaani uwezo wa kutenga swali lililofungwa na swali lililo wazi.

Anayeutunza uwezo huo hufaulu hata akiwa wa ridhaa. Mwaka 1913 Srinivasa Ramanujan, karani wa bandari ya Madras nchini India, alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge barua iliyojaa kanuni. Hardy hakucheka wala hakusujudu. Alizichambua pamoja na mwenzake Littlewood, akaona kwamba baadhi zilikwisha kujulikana na nyingine ni mpya za ajabu. Akamwandikia mwenyewe amletee uthibitisho. Mwezi Machi 2023 ilitangazwa kwamba David Smith, Mwingereza mstaafu wa kazi za uchapaji, amegundua umbo moja linaloweza kutandazwa bila mwisho pasipo mpangilio wake kujirudia. Wataalamu walikuwa wamelitafuta umbo la namna hiyo kwa miaka mingi. Smith aliliona kwa mikono na macho. Uthibitisho aliuandika pamoja na wataalamu watatu aliowashirikisha. Kilichomtofautisha na wagawa pembe siyo cheti. Alichimba mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyethibitisha kwamba pana ukavu, na alipopata kitu alikubali kipimwe kwa mizani isiyo yake.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe.

Kwanza, katika maandishi ya hisabati kitenzi "thibitisha" na nomino "uthibitisho" vitumike kwa hoja za hisabati tu. Matokeo ya kupima yaelezwe kwa "pima", "onyesha" au "hakiki", kwa kadiri ya kazi iliyofanyika.

Pili, waandishi na watafsiri watenge aina tatu za maswali: "lililojibiwa kwa ndiyo", "lililojibiwa kwa la", na "ambalo halijajibiwa". Kugawa pembe kwa tatu na kupata mraba wa duara yaandikwe katika aina ya pili daima.

Tatu, chombo cha Wayunani kiitwe "rula tupu", ili kisichanganywe na rula ya shuleni.

Nne, vitabu vya shule vya darasa lolote viandike "chukua pai kuwa karibu na 22/7", na mwalimu alisome neno "karibu" kwa sauti.

Tano, neno "theoremu" litumike kwa tamko lililothibitishwa, na "nadharia" libaki kwa mfumo wa mawazo.

Sita, tumeulizwa mara kadhaa kama haifai kubuni istilahi ya kumwita mtu anayeleta jibu la uongo kila mwaka bila kuchoka. Lugha nyingine zinazo lakabu za watu hao. Sisi hatupendekezi istilahi yoyote. Dai laweza kuitwa "dai lisilothibitishwa" au "dai lililokanushwa", na hayo yanatosha kwa kazi ya ukosoaji. Mtu mwenyewe aendelee kuitwa kwa jina lake, ila jina hilo lisitumike kutaja makosa.

Mwalimu wa Runzewe atakayeletewa daftari na fundi seremala sasa ana la kusema. Ataanza kwa kumuuliza kama rula yake ina alama. Kisha atamwomba amwonyeshe hatua ambayo neno lake ni "sawa na", na ile ambayo neno lake lingefaa kuwa "karibu na". Akifika hapo hatakuwa na haja ya kumwambia kwamba amekosea, maana fundi ni mtu wa vipimo na ataliona mwenyewe. Kazi itakayobaki ni kumpa swali ambalo halijajibiwa. Tunawaomba walimu na watafsiri walio na maoni juu ya maneno haya, hasa "rula tupu" na "theoremu", watuletee kwa maandishi pamoja na mifano ya matumizi.